Vyeti vya Watoto wa Watu

Barua ya wito kutoka ofisi ya kazi ilimkuta Nining mezani kwake, anakula wali na tempe, vile vipande vya soya, aliyoikaanga asubuhi. Aliifungua kwa mkasi wa kukatia nyuzi, vidole vina mafuta, akidhani ni ile fomu ya kila mwaka ya idadi ya wafanyakazi. Aliposoma mstari wa kwanza aliacha kutafuna. Barua haikuandikiwa kampuni. Haikuandikiwa Pak Haji Oman, mwenye kiwanda. Aliandikiwa yeye, Nining Kurniasih, "anayelalamikiwa kushikilia vyeti halisi vya shule vya wafanyakazi thelathini na mmoja."

Akaisoma tena, mara hii amesimama.

Alikuwa na miaka arobaini na minne. Kumi na saba kati ya hiyo aliimaliza akipanda hadi msimamizi wa wafanyakazi katika kiwanda hicho cha kudarizi mukena, yale mavazi meupe ya wanawake ya kusalia, pale Kawalu. Mtu akiajiriwa, ni Nining. Akichelewa, ni Nining. Akiomba ruhusa kwa sababu dada yake kajifungua, na huyo ni dada wa nne kujifungua mwaka huo, anayekuna kichwa ni Nining. Sheria ya kazi aliijua kuliko mwanasheria wa Pak Haji, ambaye alikuwa shemeji wa mtu fulani na alifika kiwandani mara mbili kwa mwaka, mara zote mbili wakati wa chakula.

Na vyeti kweli alikuwa navyo. Tusimwoshe sana Nining. Vilikuwa kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti chake, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake chini ya ushungi.

Ilianza miaka tisa nyuma. Viwanda vyote vya Kawalu vina ugonjwa mmoja, nao ni Iddi. Mfungo ukielekea ukingoni wasichana wanafunga mizigo, wanakwenda kwao milimani kula ketupat, wali wa sikukuu uliofungwa kwa majani, na wazazi, na huko ndiko wanakotongozwa. Wakala wa kiwanda kingine anakaa kitako barazani kwa mama mtu, anasifu opor, mchuzi wa kuku wa nazi, na kabla sahani hazijaoshwa binti keshapata mwajiri mpya. Mwaka ule walikwenda thelathini na nane, wakarudi ishirini na saba. Kumi na moja wakayeyuka. Oda ya mfanyabiashara wa Jakarta ikalala, vitambaa vikabaki vimerundikana ukumbini na vyerehani vimefunikwa mashuka.

Pak Haji alimwita barazani kwake. Alimwambia mkewe akatazame kahawa jikoni, akamsogezea Nining kiti mwenyewe.

"Ning, sheria hainiruhusu kumfunga mtu. Na mimi mtu wa msikitini, simfungi mtu. Lakini wewe ndo unawajua hawa watoto. Hebu tafuta namna."

Nining akasema ana binamu yake Garut, kwenye kiwanda cha viatu, kule wanashika vyeti vya shule. Msichana anaacha cheti chake halisi siku ya kuajiriwa, anarudishiwa akishapitisha Iddi mbili. Bila cheti haajiriwi popote, kwa hiyo anarudi.

Pak Haji akacheka, akainua viganja vyote viwili. "Hilo umelisema wewe. Mimi sijasikia."

Nining naye akacheka. Aliona wamecheka pamoja.

Wiki iliyofuata akamuuliza kuhusu hati ya kupokea: aipige muhuri wa kampuni? Pak Haji akatikisa kichwa kama aliyeonjeshwa kitu kichungu. "Muhuri utatufanya tuonekane duka la rehani. Wewe tia sahihi yako, inatosha. Hawa watoto wanakuamini wewe kuliko muhuri wangu." Akavikwa kilemba cha ukoka, na Nining akakivaa mpaka nyumbani, akamsimulia mama yake, wakafurahi wote wawili. Mtu aliyeanza kazi hapo akiwa mpiga pasi, leo sahihi yake inazidi muhuri!

Tangu hapo, kila msichana mpya aliyeketi mbele ya meza ile aliambiwa maneno yaleyale: "Cheti chako nitakutunzia mimi. Huu ni utaratibu wangu, Pak Haji msimwingize." Hilo la mwisho hakuagizwa na mtu. Alilitunga mwenyewe, kwa mapenzi. Pak Haji ndiye aliyenunua mazulia ya msikiti, ndiye aliyesimamia futari ya mayatima. Haikupendeza jina lake kutajwa kwenye jambo la kushika vyeti vya watoto wa watu. Lake yeye Nining lingechafuka kidogo tu, nalo halikuwa la kupeleka popote.

Kisha akaja Resti. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na hapakuwa na mkono mwingine kiwandani wa kudarizi ua la jasmini likaonekana limetua juu ya kitambaa. Wiki tatu kabla ya barua ile alikuja mezani kwa Nining amekunja pindo la blauzi mkononi.

"Teh," alisema, kama wote walivyozoea kumwita dada yao mkubwa, "nimeitwa Bandung. Usaili wa kwenda Japani, kutunza wazee. Wanataka cheti halisi, kivuli hawakitaki."

"Umemaliza Iddi ngapi?"

"Moja."

"Basi si unajua, Neng, mdogo wangu."

"Najua, Teh. Ndo maana nimekuja kwako."

Nining alikwenda kwa Pak Haji. Alimkuta anachagua rangi za nyuzi, akasubiri mpaka fundi aliyekuwa naye atoke, kwa sababu mambo haya Pak Haji hakuyapenda mbele za watu. Pak Haji alimsikiliza bila kuinua macho. "Wewe si unaujua utaratibu wako?" akasema. Nining alitoka pale na jibu la hapana. Hata hivyo adhuhuri, wenzake waliposimama kwenye swala, alifungua kabati, akatoa kile cheti, akakiweka ndani ya bahasha ya kahawia. "Jumatatu kirudi," alimwambia Resti. Msichana aliushika mkono wake, akauinamia, akaugusisha kwenye paji la uso. Machozi yake yalibaki kwenye vidole vya Nining. Kwa siku nzima alijiona mtu mwema, na kusema kweli siku ile alikuwa mwema.

Jumatatu cheti hakikurudi. Kilikwenda ofisi ya kazi mjini, pamoja na ile hati ya kupokea yenye sahihi ya Nining, na malalamiko aliyoyaandika Resti kwa niaba yake na wenzake thelathini.

Sasa Nining alikuwa amesimama barazani kwa Pak Haji, barua mkononi.

"Astaghfirullah," alisema Pak Haji alipomaliza kuisoma. "Ni nani kaleta haya?"

"Resti. Yule wa majasmini."

"Kakitoa wapi cheti? Naona hapa wanasema ametoa na cheti chake."

"Nilimpa mimi, Pak Haji. Alikuwa na usaili."

Pak Haji aliikunja barua mara mbili, akaikunjua. "Ulimpa bila kuniambia."

"Nilikuja nikakuuliza..."

"Uliniuliza, Ning. Hukuniambia." Kisha uso wake ukalainika, akamgusa begani kwa ncha za vidole. "Basi. Yameshatokea. Usihofu, tutakwenda wote Alhamisi. Unadhani nitakuacha uende peke yako?"

Maneno hayo yalimtuliza Nining. Alilia kidogo hapohapo, na Pak Haji akageuka kutazama ndege kwenye kizimba mpaka alipomaliza.

"Ila hivyo vyeti visikae hapa," akaendelea. "Mkaguzi akija ghafla atavikuta, wasichana wataingia hofu, kazi itasimama, na oda ya mfungo imekaribia. Kaa navyo kwako siku mbili hizi. Kwako ni kwetu."

Kwako ni kwetu! Nining alitia vyeti thelathini kwenye katoni ya mukena, akaifunga kamba. Saa tisa alasiri aliipakia nyuma ya pikipiki yake. Mlinzi wa geti alimsaidia kukaza kamba, akamtania kwamba anahama kwa siri, na kama kawaida ya kila mzigo unaotoka akaandika kwenye daftari: Teh Nining, katoni moja.

Siku mbili zile hasira yake yote ilikuwa kwa Resti. Alipika akiwa na Resti kichwani, akaunguza. Alimwambia mama yake kwamba wema sasa umepitwa na wakati, kwamba ukimfungulia mtu mlango anarudi na majirani. Kumbuka uso wa yule mtoto! Kumbuka mkono alivyouinamia! Hakuna lililomuuma kama lile paji la uso. Pak Haji hakumtilia shaka hata kidogo. Alikuwa anamwonea huruma, mzee wa watu, kuburutwa ofisi za serikali kwa kosa la huruma yake yeye.

Alhamisi asubuhi alifika ofisi ya kazi akiwa amevaa batiki yake ya sherehe, ile aliyopewa na Bu Haji, mke wa Pak Haji, siku ya kutimiza miaka kumi na mitano kazini. Pak Haji alikuwa ameshaketi, na mwanasheria yule wa chakula ameketi kulia kwake. Kiti cha kushoto kilikuwa na faili. Nining alisimama akingoja mtu aliondoe. Hakuna aliyeliondoa. Mkaguzi, Pak Gumilar, mtu mwembamba mwenye miwani iliyoshikiliwa na uzi, alimwonyesha kiti cha upande wa pili wa meza, peke yake. Resti na wasichana wawili walikaa ukutani.

"Pak Haji, kampuni yako inashika vyeti vya wafanyakazi?" aliuliza mkaguzi. "Waraka wa wizara unakataza. Na hata bila waraka, mali ya mtu ni mali ya mtu."

"Mimi nimeshtuka kama wewe, Pak," alisema Pak Haji. Sauti yake ilikuwa ileile ya kutangaza michango msikitini, ya upole na ya kusikika. "Kampuni yangu ina kanuni. Tafadhali."

Mwanasheria akafungua faili. Zilikuwa Kanuni za Kampuni, zimepitishwa na ofisi hiihii miaka miwili nyuma, zina muhuri na tarehe. Mkaguzi akasoma kwa sauti kifungu cha thelathini na moja: hakuna mtu yeyote kazini anayeruhusiwa kushika nyaraka halisi za mfanyakazi.

"Nani aliziandaa hizi?"

"Mimi," alisema Nining.

Ni kweli alizichapa yeye. Ofisi ilidai kila mwajiri awe na kanuni zilizoandikwa, Pak Haji akampa mfano alioutoa kwa rafiki, na Nining akanakili vifungu vyote sitini bila kuruka hata kimoja, kwa siku mbili, akijua hakuna atakayevisoma. Ndivyo wafanyavyo wote.

"Basi ulikuwa unajua," alisema mkaguzi, si kwa ukali.

"Pak, zile zilikuwa za kupeleka ofisini tu."

Pak Gumilar alimtazama juu ya miwani. Yeye ndiye ofisi yenyewe. Nining alitamani ardhi ipasuke.

"Vyeti viko wapi sasa?"

Alifungua kinywa, lakini Pak Haji alimtangulia, kwa huzuni. "Nilitafuta ofisini sikuona hata kimoja. Mlinzi ndiye aliyenionyesha daftari la geti." Daftari likatoka kwenye faili. Ukurasa ulikuwa umeshawekewa alama kwa uzi mwekundu wa kudarizia. "Na huyu binti," akamwelekezea Resti mkono kwa heshima, "alipewa chake kwa siri, saa ya swala, mimi sina habari. Anavitoa akitaka, anavizuia akitaka. Mwenyewe fikiria, Pak. Kingekuwa kitu cha kampuni, si angeniomba ruhusa?"

Jambo lile moja alilolifanya kwa moyo safi, katika miaka tisa ya kabati lile, ndilo lililogeuzwa kuwa pingu. Wakati alipokuwa mgumu alikuwa salama. Amelainika mara moja tu, na amekwisha.

"Pak Haji," alisema. "Si wewe uliyeniambia nivipeleke nyumbani? Si ulisema kwako ni kwetu?"

Pak Haji hakuapa. Watu wa namna yake hawaapi uongo, wana hofu ya Mungu. Alimtazama tu kama anayemtazama mgonjwa. "Ning, umechoka. Usijiongezee."

Kisha mwanasheria akasukuma mezani karatasi tatu zilizobanwa pamoja. Barua ya onyo la kwanza, ya Februari. Onyo la pili, la Mei. Onyo la tatu na la mwisho, la jana, linalosema kwamba kuanzia leo hana kazi. Zote tatu kwa Nining Kurniasih. Hakuwahi kuona hata moja maishani mwake. Alizisoma moja baada ya nyingine, na kilichomkata maini hakikuwa tarehe za kubuni. Yalikuwa maneno. "Kwa masikitiko, na baada ya kuvumiliana kwa muda mrefu kwa moyo wa kifamilia..." Sentensi ile aliitunga yeye, miaka kumi na mbili nyuma, akitafuta namna ya kumwonya mtu bila kumvunja. Mtu alikaa kwenye kompyuta yake, akafungua barua yake, akabadilisha jina.

"Sikuzipata hizi," alisema.

"Utaratibu unataka mpokeaji atie sahihi," alisema mkaguzi, akizigeuza nyuma. "Hapa imeandikwa alikataa kutia sahihi."

"Sikukataa. Sikupewa!"

"Dada," mwanasheria akaingilia, "wewe mwenyewe wangapi uliwaandikia hivyohivyo, alikataa kutia sahihi?"

Walikuwepo, na Nining aliwakumbuka kwa majina.

Pak Gumilar alivua miwani, akafuta vioo kwa ncha ya shati. Alionekana mtu aliyeyaona haya kabla. "Nisikilizeni. Kampuni nitaipa onyo la maandishi, na vyeti vyote virudi mikononi mwa wenyewe leo hii. Hilo halina mjadala. La pili ni hawa mabinti. Wana haki ya kwenda polisi kushitaki aliyezuia mali yao. Wakienda, ataitwa mwenye sahihi." Akamgeukia Nining. "Kama ulitumwa, niambie nani, lini, na nani alisikia. Neno lako peke yako na neno lake peke yake, mimi sina mzani wa kuyapima. Nakupa nusu saa."

Nje, kwenye ukumbi mwembamba wenye harufu ya chai, Resti alimfuata. Nining aligeuka kabla hajaguswa.

"Umeniuza, Neng."

"Sikukuuza, Teh."

"Mkono huu ulikupa cheti! Ukauinamia! Ningekunyima, si leo ningekuwa nimekaa zangu kiwandani?"

"Ungekuwa umekaa, ndiyo." Resti alikuwa analia lakini sauti haikuyumba. "Na wale thelathini? Yayah kaposwa Cirebon, hawezi kuhama. Imas alipata kazi hospitali, ikampita. Ulinipa mimi kwa sababu nililia vizuri. Wao wangelia mmojammoja mpaka lini?"

Nining alitaka kumpiga kofi, na wakati huohuo alijua anasema kweli.

"Mimi nilitaka aitwe Pak Haji," Resti akasema, akisogea karibu. "Wallahi, Teh. Kwani nani asiyejua? Dirishani hapa ofisini waliponiuliza jina la anayeshika, nikatoa hati. Jina lake halimo. Muhuri haumo. Nikasema basi, wakimwita Teh Nining atasema ukweli, na mzee atapatikana. Sasa niambie. Nitajie siku moja, moja tu, aliyolisema hili mbele yetu, hata kwa mzaha, nikasimama nikaapa. Hata Imas atasimama. Siku moja, Teh."

Nining akaegemea ukuta na kuanza kutafuta. Miaka tisa si michache; siku moja ingekosaje? Akaanza na siku za kuajiri. Pak Haji alipenda kuja kuwasalimu wapya, kuwauliza vijiji vyao, kumjua babu wa kila mmoja. Kisha husema anakwenda kutawadha, na Nining huanza habari ya vyeti. Akatafuta kwenye hotuba za kuagana kabla ya Iddi, Pak Haji amesimama juu ya kiti anagawa biskuti za makopo. "Yaliyobaki Teh Nining atawaeleza, ana utaratibu wake." Halafu anashuka, anaondoka. Akamtafuta yule msichana wa Ciamis aliyekuja na baba yake kugomba. Pak Haji alikuwa amelala, ana presha. Akatafuta simu: alipigiwa, hakuandikiwa hata ujumbe mmoja. Akatafuta barazani. Kila mara walikuwa wawili, na kila mara palikuwa na kahawa ya kutazamwa jikoni.

Hakuna siku. Katika miaka tisa hapakuwa na hata moja.

Alikuwa amekuja asubuhi ile akiamini Resti ndiye aliyemgeuka, wiki hii. Ndani ya chumba akaamini ni Pak Haji, jana, kwa hofu ya mzee aliyebanwa. Sasa akaelewa. Yule mtu hakumgeuka jana. Alikuwa amemwandaa tangu ile alasiri ya kwanza barazani, kwa subira, kwa tabasamu, siku aliyosema sijasikia. Kila sifa aliyompa ilikuwa tofali la ukuta wa kujifichia yeye. Na yeye Nining, kwa kumpenda, alimbebea matofali, akamchanganyia na udongo: Pak Haji msimwingize.

"Teh?" alisema Resti. "Hata moja?"

"Hakuna, Neng," alisema. "Nilimficha vizuri mno."

Alirudi ndani, akamwambia Pak Gumilar alitumwa na Pak Haji na hana shahidi. Mkaguzi akayaandika yote mawili, la kutumwa na la kukosa shahidi, akamgeuzia karatasi atie sahihi. Akatia. Karani wa ofisi alikuwa ameshatumwa nyumbani kwake na pikipiki kuchukua ile katoni, na mama yake, asiyejua lolote, alimwandalia karani chai na ndizi za kukaanga. Vyeti vikagawiwa pale uani, wasichana wameletwa na lori la kiwanda. Kila aliyeitwa alikikagua cheti chake mbele na nyuma, akakikumbatia. Wachache walimsalimu Nining. Wengi walipita wakitazama viatu vyao, na yeye hakuwalaumu.

Watu walikuwa wanatawanyika Nining alipoona gari jeupe la Pak Haji limesogea polepole mpaka ubavuni pake. Kioo kikashuka nusu.

"Panda, Ning. Jua kali. Nikufikishe."

Hakupanda. Hakuondoka pia, miguu ilizoea kusimama akiitwa na sauti ile.

"Usiweke kinyongo," alisema Pak Haji kwa upole. "Kiwanda kikifungwa watu arobaini wanalala njaa. Wewe mmoja, Mungu atakufungulia. Bu Haji atakuja kumwona mama, hamtatupwa." Kisha akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama kwenye kioo cha nyuma. Miaka kumi na saba Nining alikuwa mbele ya uso ule, na leo ndiyo kwanza anaona kwamba hutazama hivyo kabla ya kusema. Aliposhusha sauti, alishusha kwa kiasi cha kumfikia yeye na asimfikie mwingine. "Oda ya mfungo ndiyo hiyo inakuja. Nitahitaji mtu pale mezani. Humjui mtu mwaminifu kama wewe?"

Nining alimtazama. Aliziona ndevu zilizochanwa, kofia nyeupe iliyodariziwa na wasichana wake, macho yanayongoja jibu kwa dhati kabisa. Hakuwa anamkejeli. Alikuwa anauliza kweli, na alitarajia kujibiwa.

Akarudi nyuma hatua mbili, akajaza kifua.

"Pak Haji Oman ananiuliza!" alipaza sauti, kwa nguvu ambayo hakujua kama anayo. "Ananiuliza kama namjua mtu mwaminifu kama mimi! Wa kukaa pale mezani! Aje amshikie vyeti!"

Wasichana waliokuwa wanapanda lori wakageuka. Mwanamke aliyekuwa anauza uji getini akashusha kijiko. Pak Gumilar alitokeza kichwa dirishani, kalamu bado mkononi. Kioo cha gari kilianza kupanda, na Nining akakifuata, akipiga kelele, ushungi umemwanguka begani, akieleza kuanzia ile kahawa ya kwanza jikoni, neno kwa neno, mbele ya kila aliyekuwa na masikio. Gari likatoka getini. Hakunyamaza. Resti alishuka kwenye lori, akaja kusimama karibu yake kusikiliza, na mmoja baada ya mwingine wenzake wakamfuata.